Kobe wa Jikoni Kwetu

Mume wangu ndiye aliyeniuliza. "Zuhura, mbona kila ukikaanga tinfish, samaki hawa wa kopo, unafunga mlango wa jikoni? Unamficha nani?" Nilikuwa nimesimama mbele ya jiko na mwiko mkononi, vitunguu ndiyo kwanza vinaanza kupiga kelele kwenye mafuta, adhuhuri ya Jumamosi, fleti yetu ya Randburg, Johannesburg, tuko wawili tu. Nikageuka nikautazama mlango. Kweli, umefungwa. Na wallahi sikumbuki niliufunga saa ngapi. Nikamjibu kwamba sitaki harufu iingie kwenye makochi, akacheka akaenda zake. Mimi nikabaki nimeduwaa mpaka vitunguu vikaungua, maana mkono uliofunga mlango ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa Mama.

Wakati ninaousema nilikuwa na miaka kumi, na tulikuwa tunakaa Kensington, huku huku Johannesburg, juu ya maduka ya barabara kubwa. Chini yetu palikuwa na saluni ya Mama Furaha, Mkongo mmoja mcheshi aliyesuka nywele tangu asubuhi mpaka giza. Nyuma ya jengo, uani, palikuwa na gereji ya zamani, na humo ndimo Baba alimotengenezea makochi pamoja na fundi mwenzake, Mzulu aliyemwita Baba "madala", yaani mzee. Mama alishonea nguo chumbani. Hapakuwa na mtu katika Watanga wa upande ule asiyeijua nyumba yetu, kwa sababu ikifika Ramadhani msikiti ulikuwa mbali, wengi hawana usafiri, basi tarawehe ilisaliwa sebuleni kwetu. Baba ndiye aliyesalisha.

Baba alikuwa mtu wa saumu, jamani. Wiki nzima kabla ya mwezi kuandama hakuzungumza jambo jingine. Alipenda kutusimulia habari za marehemu babu yangu wa Tanga. "Baba yangu alifunga mpaka mwaka aliokufa," alikuwa akisema, "na kusimama hawezi." Akishasema hivyo hunitazama mimi. Mwaka ule ilikuwa zamu yangu kufunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza, tena Baba aliniambia sina kisingizio, kwani Ramadhani iliangukia kipupwe na huku Joburg siku za kipupwe ni fupi, jua linazama hata hujachoka. Aseme yeye! Mimi saa nne asubuhi tu nilikuwa naota chapati.

Wenzangu mliokulia katika nyumba kama yetu mnajua mtu anayekula mchana wa Ramadhani anaitwaje. Kobe. Hakuna tusi lililoniuma utotoni kuliko hilo. Mwaka uliotangulia Bi Tatu, rafiki yake Mama kutoka Unguja, alinikuta nimejifungia chooni na pakiti ya biskuti, akanitangaza kwa kila mtu, na mwezi mzima nikaitwa kobe mpaka na watoto wa madrasa. Niliapa halitanipata tena. Nilikuwa tayari kuzimia kuliko kumeza hata tone la maji.

Sasa hebu fikirini. Shule zimefungwa, niko nyumbani, tumbo linalia, ulimi umekauka kama kitambaa, mara mchana saa sita na nusu napata harufu ya samaki anakaangwa. Ndani kwetu! Siku ya kwanza nilidhani ni kwa Mama Furaha. Lakini nikamsikia mwenyewe anapaza sauti kutoka chini dirishani, "Mama Zuhura, uko napika nini leo? Harufu hii itaniua, mama!" Mama hakumjibu. Nikatoka chumbani kwa ncha za vidole, nikakuta mlango wa jikoni umefungwa. Mlango ule haukuwahi kufungwa tangu tuhamie. Ulikuwa na ufa pembeni mwa bawaba, nikaweka jicho.

Mama alikuwa anatengeneza mkate wa samaki, na alikuwa anautengeneza mbio kama mtu anayefukuzwa. Kitunguu alikikata juu ya kiganja, si kwenye ubao, ili kisu kisigonge. Akakitupa kwenye mafuta, akapasua pilipili mbuzi mbili na mbegu zake zote, akatia kitunguu saumu na bizari kidogo. Akafungua kopo la tinfish, akawatoa wale samaki mmoja mmoja akiwachomoa mwiba wa katikati kwa vidole, akawaponda kwenye kikaango pamoja na rojo lao la nyanya mpaka wakashikana. Akakamua nusu limau. Akachukua vipande viwili vya mkate, kimoja akakipaka achari ya maembe, akapakia samaki, akafunika, akabonyeza kwa kiganja na kukata pembe kwa pembe. Dakika saba, labda nane. Akaufunga kwenye karatasi ya foili, akausokomeza chini ya vitambaa kwenye kikapu chake cha kushonea, akafungua dirisha moshi utoke, akashuka ngazi. Baada ya robo saa akarudi, kikapu kitupu, anafuta midomo kwa ncha ya mtandio.

Mama! Mama yangu, aliyeniamsha daku saa kumi na kunisimamia nile wali mpaka niushibe, ndiye kobe!

Nikajiambia labda ni siku moja tu. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Nikageuka mpelelezi, na kila nilichokiona kilizidi kumfunga. Aliacha kununua mkate mweupe tuliouzoea, akawa ananunua ule wa kahawia ambao mimi na yeye hatukuwahi kuupenda. Nikasema anaficha ili mtu akiuona asidhani ni wa kwetu. Nilimwona anaonja rojo kwa ncha ya ulimi. Nikasema basi, ushahidi umekamilika. Na nilimwona analia. Siku zote alipopasua zile pilipili machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiwiko, akavuta kamasi, akaendelea. Hapo roho iliniuma kabisa. Nilisema anajuta, maskini, anajua anachokifanya, lakini tumbo limemshinda.

Kwa upande mwingine namwangalia Baba, naona nuru tupu. Magharibi ikiadhiniwa anakula tende nusu, si moja, nusu, na chai yake anakunywa haina sukari hata chembe. Wengine tunapigania vitumbua yeye anavisukuma kando. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtu wa peponi, na mke aliyenaye hamstahili. Mnaona nilivyokuwa? Miaka kumi, na nimekwisha kuwahukumu wazazi wangu, mmoja kulia, mwingine kushoto.

Nilijaribu kumsaidia Mama. Usiku nilimwombea. Mchana nilimwuliza, "Mama, kufunga ni kugumu sana kwa watu wazima?" Akaacha cherehani, akanitazama kidogo. "Kwa wengine ni kugumu, mwanangu," akasema. "Mungu anajua." Nikaona ameungama. Nikabeba siri ile peke yangu zaidi ya wiki mbili, nayo ilinikaa kifuani kuliko njaa yenyewe. Nilikuwa naogopa kwamba Mama atachomwa moto, na nilikuwa naogopa kwamba watu watajua. Sijui nilichokiogopa zaidi ni kipi.

Kuelekea mwisho wa mwezi ikawa zamu yetu kufuturisha. Wanaume walikaa sebuleni, wanawake wakajibana chumbani kwa Mama kati ya cherehani na kitanda, pazia likatutenganisha. Futari ilikuwa ya kweli, mihogo ya nazi, tambi, vitumbua, mchuzi wa kuku kwenye mabakuli mawili, moja la pilipili la Baba na wageni, na dogo lisilo na pilipili langu mimi na Mama, maana sisi wawili pilipili hatuiwezi. Nilikuwa na furaha. Siku ishirini na ushee nimefunga bila kuvunja, namsubiri mtu anisifu.

Mtu akawa Bi Tatu. Akanivuta shavu mbele ya wote. "Na huyu naye kafunga? Mwaka jana si mie niliyemtoa chooni na biskuti? Kobe mkubwa weye!" Wanawake wakaangua kicheko.

Mdomo wangu tangu zamani unanitangulia, na usiku ule ulikimbia kabisa. "Mimi si kobe!" nikasema, na nilisema kwa sauti. "Kobe ni Mama!"

Kicheko kikakatika. Mama alikuwa ameinama anapakua, kijiko kikasimama hewani. Mwanamke mmoja mstaarabu akajaribu kunifunika. "Usiseme hivyo, mwanangu. Wanawake tuna udhuru wetu wa siku chache, ukikua utaelewa." Mlango wa kutokea alinifungulia yule mama, jamani, wazi kabisa. Nami nikaupiga teke. "Udhuru gani wa kila siku? Tangu mwezi uandame, kila siku, anafunga mlango anapika mkate wa samaki na pilipili! Kila siku!"

Niliyaona macho ya wanawake yakihesabu. Mwezi mzima. Kila siku. Samaki na pilipili. Kisha macho yote, kama yamevutwa na uzi mmoja, yakashuka kwenye tumbo la Mama.

Hapa lazima niseme jambo. Mara mbili kabla ya hapo nilimwona Mama akienda hospitali na tumbo, akarudi na mfuko wa nguo ndogo alizozishona mwenyewe, hazijavaliwa. Baada ya mara ya pili, watu waliacha kumwuliza. Hata Bi Tatu, mwenye ulimi ule, aliacha.

Bi Tatu alisimama, akajishika kichwa. "Mama Zuhura! Una mimba, umetuficha!" Na kabla Mama hajavuta pumzi, Bi Tatu akapiga kigelegele kilichoamsha jengo zima. Wengine wakapokea. Wakamkumbatia, wakalia, mmoja akasujudu pale pale kwenye zulia. "Akiwa wa kike ni Tatu, nasema mapema!" Mama alikuwa anatazama pazia, upande alikokaa Baba.

Upande wa pili nikamsikia Mzee Kombo, mkubwa wao wote, anacheka. "Hongera, Baba Zuhura! Kumbe mambo yako kimya kimya!" Ukapita muda wa mtu kumeza mate. Kisha nikaisikia sauti ya Baba, wazi, nasi sote tukaisikia. "Alhamdulillah."

Mama akaweka kijiko chini taratibu, akatoka akaenda jikoni.

Mimi sasa nilikuwa nimechanganyikiwa kwa furaha. Kumbe Mama hakuwa na dhambi! Kumbe mjamzito anaruhusiwa! Nikamfuata mbio. Nilimkuta amesimama karibu na dirisha, hajawasha taa, mwanga wa robot, taa ya kuongozea magari barabarani, unambadilisha uso, mwekundu, kijani. Kiganja kimoja alikuwa amekiweka tumboni. Nikamwuliza, "Mama, ni kweli nitapata mdogo wangu?" Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alitabasamu, tabasamu la msichana, sijawahi kuliona tena mpaka leo. Akasema, "Nenda kawapelekee wageni maji ya kunawa."

Tukanawa, tukatoa vyombo, watu wakazungumza, Bi Tatu akaendelea kugawa majina. Ikafika isha. Safu za wanaume zikapangwa sebuleni, sisi tukasimama nyuma ya pazia. Mama alikuwa kando yangu. Tukangoja takbira ya Baba. Haikuja. Mtu akakohoa. Tukangoja tena, mpaka Bi Tatu akachungulia.

"Ndugu zangu," Baba akasema, na sauti haikuwa ile ya kusalishia. "Kabla hatujaanza. Mama Zuhura hana mimba. Mkate ule nakula mimi."

"Nina sukari. Daktari alinikataza kufunga tangu Rajabu. Nikabisha, nikafunga siku ya kwanza, nikaanguka mle gerejini. Tangu siku ile mke wangu ananiletea chakula amekifunika na vitambaa, nakula nyuma ya makochi. Leo mmempa hongera isiyo yake, na mimi nikaitikia."

Mkate wa kahawia. Tende nusu. Chai kavu. Na pilipili, ewe Zuhura mjinga, pilipili! Mama hali pilipili! Anayekula pilipili mbuzi na mbegu zake katika nyumba ile ni mtu mmoja tu, na kila siku Mama alikuwa anatokwa machozi na kuwashwa midomo kwa ukali wa chakula ambacho hakukimeza. Niligeuka kumtazama. Alikuwa ametazama mbele tu, mikono imelala ubavuni.

Mzee Kombo ndiye aliyesema. "Subhanallah. Wewe mgonjwa, Mungu mwenyewe kakuruhusu. Ulikuwa unamwogopa nani?"

"Nyinyi," Baba akasema.

Mzee Kombo akasema kwa upole, "Salisha, bwana. Tumechelewa." Baba akasalisha. Sauti ilimkatika mara mbili, na mara zote mbili wakamngoja. Bi Tatu alisali huku analia kwa kwikwi, na salamu ilipotolewa alimshika Mama mkono wala hakusema neno, jambo ambalo kwa Bi Tatu ni kubwa.

Walipoondoka Mama alikuwa jikoni anasugua sufuria. Mimi nilikuwa chini ya meza nakusanya makombo, kwa kweli nimejificha. Baba akaja akasimama mlangoni, akaushika mlango ule ule.

"Nisamehe, Mama Zuhura," akasema. "Nilichelewa kusema."

Mama hakugeuka. "Tangu uitikie ile hongera mpaka ukasimama kusalisha, ulipita muda gani?"

"Sijui. Labda saa nzima."

"Basi mimi nilikuwa nimeshampa jina," Mama akasema, akaendelea kusugua.

Nilimwona Baba akishuka taratibu mpaka akakaa sakafuni, mtu mzima na kanzu yake nyeupe, kwenye maji yaliyomwagika. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kumpoteza mtoto ambaye hakuwepo, tena kwa sababu ya mdomo wangu.

Kesho yake ikafika saa sita, ikapita na nusu, na Mama hakutoka kitandani. Hakuumwa. Alilala tu ameelekea ukutani. Nikajua Baba yuko kule chini na sukari yake. Nikaingia jikoni mwenyewe. Nilikata kitunguu vibaya, niliungua kidole, nilisahau kutoa miba. Pilipili nilipasua mbili, machozi yakanibubujika, nikayafuta kwa kiwiko, na ndipo nikajua maana ya kile nilichokichungulia kwenye ufa wiki zote zile. Sikufunga mlango. Harufu iliteremka mpaka saluni, Mama Furaha akauliza napika nini, nikamjibu kwa sauti dirishani, "Mkate wa samaki wa Baba!"

Niliushika mkononi juu ya sahani, bila vitambaa, nikapita nao uani. Fundi mwenzake Baba akanyanyua nyusi. "Eish, madala, leo hujifichi?" Baba akapokea sahani, akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa pale mlangoni mwa gereji, mahali ambapo kila mpita njia anamwona, akala. Alilia kimya kimya tangu tonge la kwanza. Hakuniambia kwamba una miba. Aliumaliza wote.

Mama aliamka siku ya tatu, akarudi jikoni, na mkate wa kahawia ukaendelea kununuliwa. Mlango uliachwa wazi. Wageni walirudi kusali kama kawaida, wala hakuna aliyemwita Baba kobe, hata kwa utani. Ile aibu aliyoikimbia mwezi mzima haikuwepo kokote ila kwake mwenyewe.

Baba tulimzika mwaka jana, kipupwe kama kile. Jumamosi ile, baada ya vitunguu kuungua, nilivitupa nikaanza upya, nikala mkate wangu nimesimama, kisha nikampigia Mama. Bado yuko Kensington, bado anashona. Miaka yote sikuwahi kuthubutu kumwuliza, lakini siku ile niliuliza. "Mama, lile jina ulilompa. Lilikuwa nani?"

Cherehani ilikuwa inakwenda upande wa pili wa simu. Ikasimama.

"Unaliulizia nini?" akasema. "Una habari ya kuniambia?"

"Sina habari yoyote, Mama. Nimekumbuka tu."

Nikaisikia cherehani inaanza tena, polepole.

"Basi liache lilipo," akasema Mama. "Bado jipya. Halijavaliwa."